Kumleta Mama Mkwe kutoka Majimoto

Mke wangu Limi alipojifungua mtoto wetu wa kwanza, hakuomba nguo wala supu. Alimtaka mama yake. Mtoto akilia naye analia, nami nahangaika uani kama kuku anayetaka kutaga. Ndipo nikafunga safari ya Majimoto kumleta mama mkwe.

Ilikuwa asubuhi, mtaani kwetu Shanwe, mjini Mpanda. Nilimtajia jirani mmoja, ukaja mtaa mzima. "Chukua pikipiki," alisema fundi baiskeli. "Inapita popote, na mafuta inanusa tu." Mwenye duka akacheka. "Amfunge mkwe kwenye keria kama gunia? Pikapu, bwana! Ikikwama inajitoa, ikikatika springi kila fundi anaijua." Mimi nilikuwa nimeshaamua. Rafiki yangu Maduhu ana gari dogo jeupe, viti laini, na kiyoyozi kinachofanya kazi kikijisikia. Binti wa watu nilimchukua kwa pikipiki, basi mama yake ningemleta kwa gari. Nilijiona mkwe wa maana.

Sitalike tulipita darajani, viboko wamelala kwenye tope bila habari na mtu, tukaingia njia ya hifadhini. Gari likaanza kugonga chini. Kila jiwe Maduhu alikuwa akiliomba gari lake radhi, "Pole mama, pole." Mbung'o wakaingia, tukafunga vioo. Kiyoyozi nacho kikagoma, tukachagua jasho. Hata hivyo nililipenda lile gari, maana lilikuwa linajitahidi.

Majimoto tulifika mchana. Baba mkwe alilizunguka gari, akagusa tairi kwa ncha ya kiatu.

"Hii gari nzuri. Ila mkwe, wewe utakaa wapi?"

"Mbele na Maduhu, baba. Mama nyuma."

Mzee akatazama kiti cha mbele, kisha cha nyuma, na hapo nikashtuka. Kwetu Wasukuma, mtu na mama mkwe wake hawapeani mkono wala hawakai karibu. Wakikutana njiani, mmoja anapisha. Mimi mtoto wa mjini nilifikiria barabara na sifa, nikasahau kwamba gari dogo ni chumba. Maduhu, masikini, akajitolea kukigeuza kile kioo cha kuangalia nyuma.

Sauti ya mama mkwe ikatoka nyuma ya ua wa jikoni, akizungumza na mumewe. "Mwambie mzigo nimeshafunga, na mjukuu namtaka sana. Lakini kupumuliana na mkwe mpaka Mpanda, hapana."

Nikasema basi aende na Maduhu, mimi nitatafuta bodaboda.

"Mwambie hifadhini kuna simba," sauti ikarudi. "Sitaki kumlea mjukuu yatima."

Nilishindwa kujua nicheke au nilie. Nilimfikiria Limi amesimama mlangoni, anaona nashuka peke yangu.

Baba mkwe akaondoka. Alirudi na jirani yake mwenye pikapu ya kubebea mpunga, shokapu zimekufa, mlango mmoja unafungwa kwa kamba. "Hii ndiyo gari ya nyie wawili," akasema.

Njia ya kurudi mama mkwe alikaa mbele na dereva. Mimi nilikaa nyuma juu ya magunia, nimempa mgongo. Gari la Maduhu lilitufuata likiwa limebeba kuku wa mama na kapu lake la mchele, wamestarehe kwenye viti vile nilivyojivunia. Mbung'o walinila, na kila shimo lilinifikia mgongoni. Tulipotoka hifadhini pikapu ilisimama, dereva akaninyooshea kanga.

"Mama anasema jifunike, vumbi litakuua."

Niliipokea kwa mikono miwili. Nilijifunika kichwa na mabega, na kwa mara ya kwanza nikajisikia mtoto wa nyumba ile. Nilifurahi mpaka machozi yakanitoka, nikayasingizia vumbi.

Shanwe tuliingia jioni. Limi alitoka na mtoto, na mama akampokea palepale kando ya pikapu, hata mzigo haujashushwa. Mimi nilizunguka mbali, nikaenda kukaa upande wa pili wa nyumba. Huko nilimsikia Limi akicheka, kicheko nilichokuwa sijakisikia tangu ajifungue.

Siku hizi watu wananiuliza njia ya Majimoto inafaa gari gani. Siwajibu haraka. Nawauliza kwanza wanakwenda kumchukua nani.