Chanjo Iliyopotelea Nyamani

Nimefanya kazi nyingi katika kuzunguka kwangu jiji hili, na sijamdharau mtu kama nilivyomdharau bwana mifugo mmoja wa Kinyerezi. Wakati huo nilikuwa nakata majani na kusafisha banda kwa mama mmoja mstaafu, karani wa zamani kutoka bara, aliyefuga nyuma ya nyumba. Ndigana, homa inayoletwa na kupe, ilikuwa imeshamuulia ng'ombe wawili. Alibaki na mtamba mmoja mwekundu, mwenye mimba ya kwanza. Kila asubuhi alimjulia hali huyo kabla ya binadamu yeyote.

Watafiti walipokuja kutafuta ng'ombe wa kujaribia chanjo mpya, mama alikubali kabla chai haijapoa. Maswali niliuliza mie. Shule niliacha darasa la sita, kuuliza sikuacha. Mtafiti, dada mwenye buti safi kuliko sahani zangu, alinieleza bila kunikoromea. Chanjo ile haikuwa na mdudu ndani. Ilikuwa vinasaba tu, maelekezo ya kutengeneza kipande cha mdudu, na mwili wa ng'ombe ukiisha kukitengeneza unajifunza kumtambua adui. Kwa panya inakubali. Kwa ng'ombe, mnyama mkubwa, inamwagika nyamani na kupotea. Sasa wameipa anwani: iende kwa seli fulani za ulinzi zilizoko kwenye ngozi, ambazo humkamata mgeni na kumpeleka kwenye tezi aonyeshwe kwa askari.

"Kama mjumbe wa nyumba kumi," nikasema.

"Eeh, mjumbe hasa. Ndiyo maana sindano inaishia kwenye ngozi. Ukiona kinundu kama punje ya dengu, imeingia sawa."

Siku ya kuchanja mtafiti huyo, tuliyemwita dokta, alikuwa kwenye mabanda ya Ukonga, kwetu akamwachia bwana mifugo. Nikamshika mtamba puani. Yule bwana akampiga ngumi mbili za shingo, ya tatu ikaja na sindano, ikazama yote, kama alivyochoma kila mnyama tangu aajiriwe. Nikapapasa. Hakukuwa na dengu wala mtama.

"Mzee, imezama. Dokta alisema ngozi tu."

"Wewe umeishia darasa la ngapi?"

"La sita."

"Basi kuchanja wanafundisha la saba."

Mama alicheka mpaka akashika nguzo. Bwana mifugo akajaza fomu kwamba amechoma kwenye ngozi.

Tangu siku hiyo mama alilifungia stoo bomba la kunyunyizia dawa ya kupe. Dokta alikuwa amesema tuendelee kuogesha, lakini mama alijua zaidi. "Ameshachanjwa huyu. Unataka kumuua ndama tumboni?" Nikabaki kutoa kupe kwa vidole na kupapasa tezi chini ya masikio kila asubuhi. Wiki zikapita. Siku moja nikaikuta imevimba kama yai la kanga, na ngozi inachoma.

Mama akasema ni jua. Bwana mifugo, kwa simu, akasema hiyo ndiyo chanjo inafanya kazi. Nikampigia dokta mwenyewe. Alifika kabla ya adhuhuri, akapima, akamchoma dawa ya ndigana, kesho yake akarudi tena. Siku ya tatu mtamba akala.

"Alichanjwa vipi huyu?" dokta akamuuliza bwana mifugo, aliyekuwa amekuja kutazama.

"Kwenye ngozi, kama fomu inavyosema," bwana mifugo akajibu.

"Nyamani," nikasema. "Sindano nzima."

Dokta alimtazama bwana mifugo, akafungua fomu, akamfuta mtamba kwenye majaribio. Mama akaniita mchawi. Eti nimemtolea ng'ombe wake kwenye utafiti, wakati chanjo ndiyo iliyomponya, mtaa mzima unajua. Mtaa ulijua kweli, kwa sababu aliutangazia nyumba hadi nyumba. Dawa aliyoiona kwa macho yake ikichomwa siku mbili hakuitaja popote.

Mtamba alizaa salama, ndama jike. Mama akapika dang'a, yale maziwa mazito ya mwanzo, akamwalika bwana mifugo aonje kwanza, kwa heshima ya mkono wake.

"Mnawishe mgeni," akaniambia.

Nikammiminia maji. Akanawa taratibu, kidole kwa kidole, kama daktari bingwa. Nikaweka birika chini, nikaenda banda kumpapasa ndama masikio, kisha nikaondoka kwenda Mbweni, nilikosikia watu wanachimba visima.