Ukoo wa Kisogo

Pale hospitalini hakuna aliyemwita kwa jina lake. Kuanzia daktari mkuu hadi mfagiaji, wote walimwita Spika. Si spika wa bunge, spika ya kupazia sauti. Kazi yake ilikuwa kusimama mlangoni mwa chumba cha daktari, kuchukua kadi ya mgonjwa iliyo juu ya rundo, na kuita jina kwa sauti iliyofika mpaka getini, ambako walinzi walidai wameacha kusikiliza redio kwa sababu yake.

Jina lake la ukoo lilikuwa Kisogo. Kila aliyelisikia mara ya kwanza alicheka, au alijikaza asicheke, jambo ambalo ni baya zaidi. Shuleni wenzake walimzaba makofi nyuma ya kichwa, kisha wakamuuliza kama amesikia ndugu zake wakilia. Ujanani alipata mchumba, kijana mtanashati, aliyemwambia bila haya kwamba waoane upesi ili aachane na jina hilo la ajabu. Mwishowe Spika akamwacha mchumba, jina akabaki nalo.

Alilipenda kwa ajili ya baba yake. Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mstaafu, macho yameharibiwa na cheche, na hakuna mgeni aliyekanyaga kwake akaondoka bila kusimuliwa asili ya jina. Zamani, alisema, babu yake Spika alikuwa kijana wa machimbo ya mawe. Siku ngema, ule ukuta wa jabali, ilipoporomoka, wenzake waliganda kama waliopigwa misumari. Yeye akageuka, akaanza kutembea, akawaambia wamfuate wala wasitazame nyuma. Vumbi lilikuwa zito, hawakuona kitu ila kisogo chake. Wakakifuata hichohicho mpaka wakatokea kwenye mwanga.

"Kuna watu wanatembea duniani leo kwa sababu ya kisogo cha baba yangu," mzee alimalizia, akijipapasa chake.

"Sasa mbona tuko wachache hivi, baba?"

"Kwani dhahabu umeiona imejaa barabarani?"

Spika alicheka, lakini uchache huo ulimkereketa. Kaka yake wa pekee alikufa kijana, hakuacha mtoto. Yeye mwenyewe hakujaliwa kuzaa. Kila asubuhi kabla ya kuanza kazi alipitisha vidole kwenye rundo la kadi, akitafuta. Majina ya kila namna yalishapita kinywani mwake, ya wanyama, ya mvua, ya vita, mengine ya kung'ata ulimi. Lakini Kisogo hata mmoja hakutokea. Dada wa mapokezi alimtania, "Jiite mwenyewe basi, Spika, tuone kama utaitika."

Asubuhi moja ya mvua, mabenchi yamejaa watu waliolowa, akachukua kadi ya juu, iliyoletwa muda uleule, akafungua mdomo, sauti ikakataa kutoka. Alijaribu tena, ikatoka kama ya mtu aliyepaliwa.

"Kisogo!"

Dada wa mapokezi aliangua kicheko, akidhani hatimaye mwenzake ameukubali utani. Ndipo mwishoni mwa korido akainuka mzee mmoja mwembamba, mkono mmoja ukutani, mwingine kifuani, anakohoa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba."

"Na mimi ni Kisogo."

Mzee alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyekuonyesha kidonda. "Pole," akasema, akaingia kwa daktari.

Siku hiyohiyo alilazwa wodi ya wagonjwa wa kifua. Jioni Spika alipotoka kazini hakwenda nyumbani. Alinunua maziwa, akayapasha moto jikoni kwa wauguzi, akaenda kuketi kando ya kitanda. Roho ilikuwa ikimdunda kama ya msichana anayekwenda kuposwa. Akamsimulia mzee habari ya machimbo, vumbi na mwanga, neno kwa neno kama baba yake. Mzee alisikiliza mpaka mwisho.

"Ngema iliporomoka, hilo ni kweli," akasema. "Ila baba hakuwamo. Alikuwa ameshakwenda zake."

"Baba yupi?"

"Baba yangu. Huyo babu yako." Akakohoa, akasubiri pumzi. "Mama alikuwa na mimi mgongoni, dada yangu kamshika mkono. Alimfuata njiani akimwita mpaka koo likakauka. Hakugeuka. Majirani wana midomo, si unajua. Wakatuita watoto wa Kisogo, maana baba yetu tulimjua kisogo tu. Shuleni nikaandikwa hivyo, kwa sababu jina lake hasa mama aliapa hatalitamka tena."

"Na sisi je? Sisi tulilipataje?"

"Mtu wa kwetu alimkuta mjini, ana mke mwingine, watoto wengine. Akamwita Kisogo mbele za watu ili amwaibishe. Alivyotusimulia, baba hakuona aibu hata kidogo. Alicheka. Akasema, naam, ndiye mimi. Akalivaa kama kofia mpya."

Maziwa yalikuwa yameshapoa. Spika akapiga moyo konde. "Basi wewe ni baba yangu mkubwa."

"Mimi nimekuja kutibiwa kifua, mama. Sikuja kutafuta ndugu."

"Na watoto wako? Nao ni kina Kisogo?"

"Niliwapa jina la babu yao mzaa mama. Nilitaka hili lizikwe na mimi."

Hata hivyo Spika aliendelea kwenda. Mzee hakumfukuza, wala hakumkaribisha. Alikunywa maziwa, alimwachia amkate kucha, alijibu salamu. Jioni moja, bila kuulizwa, akasema, "Huyo babu yako. Alikuwa akiwabeba?"

"Akitubeba?"

"Watoto. Mabegani."

Spika alikumbuka vizuri mno: mabega yale mapana, harufu ya sabuni, yeye juu ameshika masikio ya babu, wanazunguka uwanja huku akipiga kelele za furaha. "Sikumbuki," akasema.

"Usinifiche. Mimi mtu mzima."

"Alikuwa akitubeba."

Mzee alijigeuza taratibu, akaelekea ukutani. Kisogo chake kilikuwa na bonde katikati, na mishipa miwili imesimama huku na huku, kama cha baba yake Spika, kama cha marehemu kaka. Alitaka kukigusa, akaogopa. Baada ya hapo mzee hakumsemesha tena, na kabla wiki haijaisha alikata roho.

Watoto wake walikuja mazikoni, watu wa heshima zao. Binti mkubwa alikuwa mwalimu, mrefu, miwani usoni. Akamsogelea Spika. "Samahani, dada. Wewe ulikuwa nani yake?"

"Sisi ni ukoo mmoja. Kina Kisogo."

Mwalimu aliangaza huku na huku, akashusha sauti. "Nakuomba sana, jina hilo usilitaje hapa. Limemtesa baba tangu utoto wake." Kibao cha kaburi kilikuwa kimeandikwa jina jingine kabisa, rangi haijakauka. Spika alisimama nyuma pamoja na majirani. Watu walipoanza kutawanyika, aliomba namba ya simu. "Tutatafutana," mwalimu akamwambia, kwa namna ile watu wanavyosema tutatafutana.

Nyumbani hakuweza kunyamaza. Alimweleza baba yake yote, tangu kadi hadi kibao. Mzee aliwaka. "Mzushi huyo! Tapeli wa kukohoakohoa! Na wewe, mtu mzima na akili zako, unakwenda kulishwa maneno wodini!" Akasusa kula. Kesho yake alikaa mlangoni mchana kutwa, na jua lilipokuwa linazama akauliza, macho yake mabovu yameelekea njiani, "Alifanana na nani?"

"Na wewe, baba."

"Basi mengine usiniambie."

Spika alijaribu mara moja tena. Alikwenda shuleni kwa yule mwalimu, amebeba matunda. Mwalimu alitoka mpaka getini, akampa mkono, akamshukuru kwa jinsi alivyomhudumia marehemu. Hakumfungulia geti. Walizungumza katikati ya nondo, habari za mvua na bei za vitu, hadi kengele ikagonga. "Nina kipindi," mwalimu akasema. Matunda aliyapokea.

Baba yake siku hizi hasimulii tena. Mgeni akija akauliza jina hilo la ajabu limetoka wapi, anajibu kwamba ni la zamani tu, hajui, kisha anaomba aletewe sweta. Spika analeta, anamvisha, anarudi jikoni. Wanakula mapema, kila mtu na sahani yake, na redio inazungumza peke yake.