Gumegume na Kanga ya Sare

Mtu akiniuliza leo bunduki gani ilikuwa nzuri kuliko zote, nitamjibu gumegume, tena kabla hajamaliza kuuliza. Katika ujana wangu kijijini Wingwi, miaka ya kabla ya vita vya pili, tulikuwa na aina tatu za bunduki za kushindilia mdomoni, na kila mwanamume alikuwa na yake ya kuitetea, hata asiyekuwa na bunduki.

Ami yangu alikuwa na ile ya utambi, iliyotoka Omani na babu zake, ndefu kuliko yeye mwenyewe, kasiba yake, yaani mtutu, imefungwa mikanda ya fedha. Ilitaka utambi uwashwe kwanza, upulizwe, ukingwe na upepo. Ami akiwa tayari kupiga, tumbili alikuwa ameshakula mahindi, ameshapumzika, ameshakwenda zake. Shemeji yangu, mume wa dada, alikuwa na gobori la fataki. Unaweka fataki, unafyatua, linalia. Halikosei. Kwangu mimi lilikuwa kama mtu mwema sana: huna la kumsimulia.

Gumegume ndiyo iliyokuwa na mambo. Jiwe linapiga chuma, cheche zinaangukia baruti kwenye kijisahani cha ubavuni, moshi unakupanda usoni, halafu kimya kidogo, halafu ndiyo mshindo. Kile kimya ndicho nilichokipenda. Watoto waliziba masikio, wakazibua kwa kudhani imekataa, na hapo ndipo ilipolia.

Kazi kubwa ya bunduki hizi ilikuwa harusi. Tulipiga baruti tupu, bila risasi, kumtangaza bwana harusi anapofika. Lakini baruti tupu hailii vizuri mpaka uishindilie kizibo cha kuikaza. Sisi tulitia makumbi ya nazi. Wajuzi walisema kitambaa ndicho kinacholiza bunduki, ila nani alikuwa na kitambaa cha kuchezea siku zile?

Siku ya harusi ya mtoto wa ami, mvua ilinyesha tangu asubuhi na makumbi yangu yote yakaroa. Shemeji alikwishajaza gobori lake. Akanitazama kwa huruma, akasema leo gumegume itakohoa tu. Nikakimbilia chumbani kutafuta tambara. Sikuliona. Nilichokiona ni kanga mpya ya mke wangu, imetandazwa juu ya kitundu cha fito cha kufukizia udi, na mwenyewe yuko kwa wenye harusi anachambua mchele. Tulikuwa tumeoana miezi michache tu. Wanawake wote wa upande wetu walinunua kanga hiyo hiyo iwe sare, na yeye, mgeni kutoka Msuka, alikuwa akiihesabia siku ile. Kwake ndiyo ingekuwa mara ya kwanza kusimama kati yao, asijulikane nani mgeni na nani mwenyeji.

Nikajiambia nitakata ukingoni tu, pahala ambapo hapana mtu atakayetazama, nikakata kipande na kuitandaza tena. Nilisoma skuli mpaka darasa la mwisho, na bado sikujua kwamba kwenye kanga pindo ndiyo kanga yenyewe.

Kanga ikifungwa kiunoni, ncha moja hufichika ndani. Mke wangu aliporudi aliivaa kwa haraka, asione kitu.

Tulipofika na bwana harusi, gobori la shemeji lililia kama kawaida yake. Ya ami ilikuwa bado inapulizwa. Mimi nikafyatua. Cheche, moshi, kimya, kisha mshindo uliowafanya kuku wa mtaa ule wasionekane mpaka kesho yake. Nilikuwa nimeshamgeukia shemeji nimwoneshe meno, kitambaa kikashuka kutoka hewani kinafuka moshi, kikaangukia katikati ya wanawake.

Shangazi yangu alikikanyaga, akakiokota, akakinusa. Kilinuka baruti na udi. Akakikunjua.

"Hii sare yetu," alisema. "Kuna mwenzetu kapigiwa nguo yake angani."

Wanawake wakaangua kicheko, kila mmoja akaanza kujikagua mapindo. Aliyecheka kuliko wote alikuwa mke wangu. Nilimsikia akimwambia jirani yake kwamba huyo mume, awaye yote, hakosi ni punguani.

"Na weye, mwanangu," shangazi akamwambia, "hebu tazama yako."

Akafunua ncha ya ndani. Sijapata kuona kicheko kikikatika vile. Hakunitazama. Alijitanda kanga ya pili mpaka usoni, akaondoka kabla ya pilau, na jioni ile ile kaka yake akamchukua kwao Msuka.

Nilimfuata. Baba mkwe alinikaribisha kahawa, akanizungumzia samaki, mihogo na ubovu wa njia, habari ya kanga asiiguse. Nilipotaja kununua doti nyingine, mama mkwe alinijibu kwa upole kuwa sare hainunuliwi harusi ikishakwisha. Ndipo mke wangu aliposema nyuma ya pazia:

"Nenda kalete bunduki yako. Uishindilie kitu chako unachokipenda kama nilivyoipenda ile. Nikisikia mshindo, narudi."

Nikarudi na bunduki, na kofia moja kuukuu iliyoliwa na mende, nikaisifu mbele ya wakwe kama urithi wa ukoo.

"Siyo hiyo," alisema. "Hiyo iliyo kichwani."

Iliyo kichwani ilikuwa kofia ya viua, niliyoshonewa Unguja, kazi ya mkono ya miezi. Niliivua. Niliikunja. Niliisukuma kwa mdeki, ule ufito wa kushindilia, mpaka chini, na uwanja mzima unanitazama. Nikafyatua: cheche, moshi, kimya. Kimya kikaendelea. Baba mkwe akakohoa kistaarabu. Nikatia baruti upya kwenye kijisahani, nikafyatua tena, na safari hii ikalia. Nyuzi za kofia yangu zikatushukia kama sufi.

Mke wangu akatoka na bumba lake la nguo, tukashika njia, mimi mbele kichwa wazi, bunduki begani. Tulipopita nyumba za mwisho akaniuliza kwa sauti ndogo:

"Na samahani yenyewe?"

"Kwani hukuusikia mshindo?"

Nilijiona nimejibu vizuri. Nilipogeuka, alikuwa amevuta buibui mdomoni na mabega yanamtikisika, nikachukulia kuwa anacheka. Nikaendelea kutembea. Tuliishi pamoja mpaka Mungu alipomchukua, na neno lile la samahani sikulisema. Siku hizi nikiikumbuka njia ile sina hakika tena kama kilikuwa kicheko. Ningesimama tu nikamtazama macho, ningejua. Lakini nilikuwa nafuta masizi kwenye mdomo wa bunduki.