Nilimfuta Mama Nilesh kwenye gemu. Mwenye version 1 ya mod ya Msimbazi naomba msaada

Wakuu, salaam kwenu. Haya ninayoandika hayana chumvi, na mkifika mwisho mtaona sina cha kujisifia.

Mimi ni fundi kompyuta, nina kifremu cha duka Kariakoo, pembeni ya Mtaa wa Msimbazi.

Kuna gemu la zamani la kuendesha magari ambalo waliolitengeneza walishalisahau. Mashabiki ndio tunalilea mpaka leo. Tunaongeza magari na barabara, tunarekebisha makosa. Hizo ndizo mods.

Mod yangu ilikuwa mtaa wetu. Nilipiga picha za kuta kwa simu, nyumba moja moja, nikazibandika kwenye gemu. Ukiendesha unaona Msimbazi yenyewe, na mabango na nyaya zake.

Jirani yangu alikuwa Mzee Kirit, Mhindi, muuza zipu na vifungo. Duka chini, yeye na mkewe Mama Nilesh wanaishi juu. Siku napiga picha, mama alikuwa kwenye roshani anachagua mchele kwenye sinia. Akaingia kwenye picha, akaingia na kwenye gemu.

Nilipowaonyesha, mzee alicheka mpaka akakohoa. Mama akanigombeza: "Wewe, ungesema mapema nivae nguo ya maana."

Version 1 ikasambaa kwa flash. Malalamiko ya wachezaji nayo yakaja: "Mkuu, yule mama kila saa anachagua mchele, hata mvua ikinyesha yupo, anatisha."

Ni kweli alikaa kama stika. Mimi napenda kazi safi, halafu nakiri sifa zilishanipanda kichwani. Nikakata kipande cha ukuta mtupu, nikamfunika nacho, nikasave juu ya picha ileile. Simu niliyopigia picha nilishaiuza.

Ndiyo version 2 hiyo, mliyonayo wengi na mliyoisifia sana.

Backup? Kila siku nawafokea wateja kuhusu backup. Mwenyewe sikuwa nayo.

Baadaye Mama Nilesh akafariki. Nyumba ikauzwa, ikavunjwa, sasa hivi pale kuna uzio wa mabati na ghorofa linapanda. Mzee akahamia Upanga kwa mwanawe.

Jumamosi iliyopita akaja kifremuni. Nikampa shikamoo, akaitikia, akakaa.

"Nionyeshe ile gemu yako," akasema. "Picha za harusi ninazo, za pasipoti ninazo. Nataka ile ya pale juu, anachagua mchele."

Nilijua kabisa hayupo. Badala ya kusema, nikawasha laptop. Sijui nilitarajia nini, wakuu.

Nikaendesha taratibu, nikasimamisha gari mbele ya duka lake. Bango lipo. Zipu zinaning'inia mlangoni. Juu, roshani tupu.

Mzee akasogea karibu na kioo. Akavua miwani, akaifuta kwa shati, akaivaa tena.

"Labda ameingia ndani," akasema. "Tusubiri kidogo."

Tukasubiri. Kwenye lile gemu jua halisogei, kwa hiyo mimi nikawa naangalia saa ya ukutani. Zikapita kama dakika kumi. Akanishika bega, akasema nihudumie wateja wangu, yeye atapita tena Jumamosi hii.

Sikumwambia. Nimeshika simu mara kadhaa wiki hii nimpigie, nimeshindwa. Naona aibu, na inaniuma.

Funzo nililopata: ukitaka kusafisha picha, ile ya kwanza weka pembeni. Na aliyemo muulize kabla hujamtoa. Mama Nilesh alikuwa hatua kumi kutoka kwangu, nisingepoteza hata dakika mbili.

Sasa wakuu, nishaurini, na mkitaka kunisema nisemeni tu. Ila kwanza mkaangalie kwenye flash za zamani, hata kwenye kompyuta mbovu iliyolala uvunguni. Nitaifuata popote ilipo na kuitengeneza bure.

Folder linaitwa Msimbazi. Ukilifungua, endesha hadi duka la zipu, tazama juu. Ukimkuta mama na sinia lake, usiguse kitu chochote, niandikie hapa.

Leo ni Alhamisi.