Doa Kwenye Paja la Mama

Mama alijikata kwa jembe kwenye muundi wa mguu, shambani kwake Kiwangwa, akipalilia mananasi. Kidonda kikapona, kikarudi, kikapona tena, kikarudi na usaha. Eksirei haikutupa jibu la kueleweka. Daktari wa mifupa huko Dar akasema bila kuzunguka: kama ugonjwa umekaa hapo kwenye muundi tu, mfupa utakwanguliwa, kama umepanda mpaka paja, tuanze kuzungumzia kuukata mguu. Ili ajue, akatuandikia picha ya mifupa, ile inayopigwa kwa dawa ya mionzi.

Mimi nina tabia ya kuuliza. Mama husema nilizaliwa na swali mdomoni, wala hasemi kwa kunisifu. Msichana wa picha alipomchoma sindano asubuhi ile, nilimhoji mpaka akacheka. Akanieleza kwamba dawa husafiri na damu na kujishikiza kwenye mifupa, na pale mfupa unapoumwa hujazana zaidi. Kamera yenyewe haimmuliki mgonjwa. Inapokea tu kinachotoka mwilini mwake. Dawa inayozidi hutoka kwa mkojo, kwa hiyo mama anywe maji kwa wingi, aende haja mara kwa mara, na siku hiyo asipakate watoto.

"Yaani leo taa ni mimi," mama akasema.

Tukakaa kusubiri. Akanywa maji, akaenda chooni, akanywa tena. Mama ni mtu wa twahara, hana mchezo nayo. Mpira wa maji aliufungulia mpaka mwisho, nikamsikia kutoka nje akijimwagia. Kisha akatawadha, akasali adhuhuri kitini kwa sababu ya mguu, tukaitwa.

Niliruhusiwa kusimama nyuma ya kioo, penye kompyuta. Nukta zilianza kujikusanya polepole, kama mchele unaomiminwa kwenye ungo, mpaka nikaona mbavu, uti wa mgongo, na nyonga zilizonibeba. Sikuwa nimewahi kufikiri kwamba mama yangu naye ana mifupa. Muundi ukawaka, na hilo tulilitarajia. Halafu juu yake, kwenye paja la mguu uleule, likatokea doa jingine, kali kuliko la chini.

Maswali yote yaliniisha. Nilishamwona mama na magongo katikati ya mananasi yake. Msichana alilikazia macho doa lile, akainuka, akaenda kwa mama, nami nikamfuata.

"Bibi, samahani. Ulipojisafisha chooni, maji yalikurukia?"

"Nilijisafisha, mwanangu. Ndivyo tulivyofundishwa."

"Huenda tone la mkojo limerukia kanga. Mkojo una dawa, na kamera inauona."

Mama alinigeukia kana kwamba mimi ndiye niliyemsengenya. "Mkojo? Kwenye kanga yangu?"

"Mficha uchi hazai, bibi. Tubadilishe nguo, tujue."

Akaanza kujitetea: tangu lini yeye akatembea na najisi. Hapo nikapandwa na hasira. Watu tunahangaikia mguu, yeye anapigania kanga.

"Mama, vua," nikamwambia, na sikuwa nimewahi kumwamrisha. Akavua. Tukamwosha paja, nikamfunga kanga yangu ya juu, akalala tena.

Nukta zikaanza upya. Muundi ukawaka palepale. Paja likabaki kimya. Kwa udadisi wangu nikaomba ile kanga iliyovuliwa ipigwe peke yake. Msichana akaitandika kitandani, na doa likawaka juu ya kitambaa kisicho na mtu ndani. Nilicheka kwa sauti.

Daktari wa picha akaja, akatazama kwa muda mrefu, akasema ugonjwa uko kwenye muundi tu. Mfupa utakwanguliwa. Mguu haukatwi.

"Alhamdulillahi," mama akasema. "Basi adhuhuri yangu haikusihi, nimesali na najisi."

Akaomba maji na mahali pa kusalia. Nikamsogezea kiti.

"Kaa, mama. Mgonjwa ameruhusiwa."

"Najua. Hii nasali nimesimama."

Akasimama, akafunga sala. Nilitaka kumshika asianguke, lakini mtu aliye kwenye sala hashikwi. Nikakaa chini nyuma yake, nikaitazama miguu yake miwili sakafuni, mmoja ukitetemeka, nikalia.