Somo la Kufungua Pumzi

Watu walimwita Injinia, naye hakuwahi kuwasahihisha. Kazi yake ilikuwa kutunza majalada katika ofisi ya maji: kuyapanga, kuyatafuta yakipotea, na kuapa kwamba hayakupotelea mikononi mwake. Alipofikisha miaka arobaini na saba alinunua pikipiki nyekundu iliyotumika. Muuzaji alisema imemilikiwa na mtu mmoja tu, ingawa kwa hali ya kiti chake, mtu huyo alikuwa na ukoo mkubwa.

Mke wake, fundi cherehani, aliizunguka mara moja, akabonyeza tairi kwa kidole gumba.

"Inatosha kukufikisha kazini, Baba Watoto."

Neno "inatosha" lilimkaa moyoni kama mwiba. Wiki ileile akatoa usukani wake wa juu na mpana, akaweka mfupi wa kuinamia mbele, kama alivyoona kwenye picha za mashindano. Tangu hapo alikwenda kazini amelala kifudifudi juu ya tangi la mafuta, na mchana kutwa alitembea ofisini ameshika kiuno. Vioo vya kutazamia nyuma akaweka vidogo vya mviringo, vilivyomwonyesha viwiko vyake mwenyewe na si kingine. Kisha akampelekea mchomeleaji bomba la moshi, likakatwa silensa yote, kile kipunguza kelele. Zamani aliweza kuchelewa akapenya kwa mlango wa nyuma, akajitia ametoka chooni. Sasa jengo zima lilijua Injinia ameingia saa mbili na dakika ishirini na tano.

"Ina nguvu sasa," alimwambia mkewe.

"Ina kelele."

"Kelele ndiyo nguvu inayotoka."

"Sasa nguvu ikitoka yote," mkewe akauliza, macho yakiwa kwenye pindo la sketi, "wewe unabaki na nini?"

Kilichomponza hasa ni simu. Alifungua kundi la mtandaoni la watu wanaoanza kupamba na kurekebisha pikipiki zao, akawa anajirekodi uani akiwa amevaa glavu nyeupe zilizokuwa za kushikia majalada ya zamani. Alieleza jinsi ya kubandika stika, jinsi ya kushusha kiti, jinsi ya kufunga taa za rangi chini ya tangi. Mwanzo kundi lilikuwa na majirani wanne. Baada ya miezi mitatu lilikuwa na watu mia tatu, maana Injinia alijaliwa ulimi, na mwenye ulimi mtamu haulizwi amejifunzia wapi.

Somo lililompa sifa kuliko yote aliliita Kufungua Pumzi.

"Ndugu zangu," alianza, "chukua mtu, mfunge kitambaa puani, mwambie akimbie. Atafika? Basi pikipiki yako kiwandani imefungwa kitambaa. Kinaitwa chujio la hewa. Kitoe, ukitupe, halafu uniambie."

Watu walipiga makofi ya vidole mpaka simu ikapata moto. Jambo ambalo hakuna aliyeuliza ni kama yeye mwenyewe amelitoa lake. Hakuwa amelitoa. Siku ya kurekodi alizunguka pikipiki nusu saa nzima akilitafuta, asilione, akaamua kufundishia picha.

Miongoni mwa wanafunzi wake alikuwamo mkunga mmoja wa zahanati, mwanamke mfupi wa miaka kama hamsini, aliyetumia pikipiki kuwafuata wajawazito majumbani mwao. Njia zake zilikuwa za vumbi na vilima. Aliona pikipiki yake inapanda kivivu, akasikiliza somo mara mbili kama anavyosoma maelekezo ya dawa, akachukua bisibisi, akafungua pumzi.

Siku mbili za kwanza alisikia injini inanguruma vizuri. Wiki ya tatu ikaanza kukohoa. Ya tano ikawa inatoa moshi wa bluu na kumeza oili. Asubuhi moja akiwa njiani kwenda kuzalisha, ikamzimikia katikati ya kilima. Alitembea kilomita nne na mkoba wake begani, alipofika akakuta mtoto ameshazaliwa mikononi mwa bibi yake. Mama mzima, mtoto mzima. Lakini mkunga alimpima mama mara tatu, kwa sababu alijua jinsi mambo yangeweza kwenda.

Jumamosi yake alifika nyumbani kwa Injinia akisukuma pikipiki. Injinia alikuwa uani, glavu mkononi, anatafuta mahali penye mwanga mzuri.

"Wewe ndiye wa pumzi?" mkunga aliuliza baada ya salamu.

"Ndiye mimi, dada. Karibu sana."

"Nimefungua. Sasa haina pumzi kabisa."

Injinia akainama, akatazama injini kwa macho ya mtu anayesoma barua ya lugha asiyoijua. Akagusa waya mmoja. Akagusa mwingine. "Mara nyingi," akasema, "huwa ni mambo ya umeme."

"Naomba nione yako ilivyokaa."

"Yangu?"

"Nilinganishe."

Mkewe alikuwa ametoka na mkasi mkononi, amesimama mlangoni. Hapakuwa na pa kukimbilia. Mkunga mwenyewe akafungua kifuniko cha ubavuni cha ile pikipiki nyekundu, skrubu mbili tu, na ndani chujio likaonekana limekaa mahali pake, limejaa vumbi la miaka, halijaguswa na mkono wa mtu.

Mkunga alilipangusa vumbi kwa kidole.

"Lako unalo," akasema.

Hakupaza sauti. Akamsimulia kile kilima na zile kilomita nne, kwa utaratibu, kama anayetoa taarifa kwa daktari. Injinia akavua glavu moja, kisha ya pili. Alitaka kusema kwamba somo lilieleweka vibaya, na maneno yalikuwa yameshapanga foleni mdomoni, lakini alimwona mkewe anamtazama, akayameza.

"Mimi nilikuwa sijui," akasema. "Nilisema tu."

Kisha akashika usukani wa pikipiki ya mkunga na kuisukuma yeye mwenyewe hadi kwa fundi aliyeitwa Kimya.

Kimya alikuwa na banda la mabati na maneno kama kumi kwa siku. Akatoa plagi, kile kidude cha kutoa cheche, akaipandisha kwenye mwanga.

"Nyeupe. Hewa nyingi, petroli kidogo. Imeungua." Akachungulia ndani ya kabureta, hewa na petroli vinapochanganyikia, kulikojaa vumbi. "Na hili limekula pistoni."

Maneno ya siku yalikuwa yamekwisha. Kazi ingechukua wiki tatu, maana vipuri viliagizwa mbali. Injinia akamkabidhi mkunga pikipiki yake nyekundu. Baada ya siku mbili mkunga akairudisha: mgongo unamuuma, nyuma haoni, na kila anapofika, watoto wachanga wa mtaa mzima wanaamka. Kimya akaipokea, akasimamia kila kilichotolewa kirudishwe kimoja kimoja, silensa ikawa ya mwisho, na Injinia ndiye aliyeshika spana; kisha mkunga akaichukua tena.

Wiki hizo tatu, kila alipotoka kazini, alikaa bandani akiosha vyuma. Huko ndiko alikojifunza kwamba plagi yenye rangi ya biskuti inaridhika na mchanganyiko wake, na kwamba ukipunguza meno ya sproketi ya mbele, lile gurudumu dogo linalovuta mnyororo, unapata mvuto wa mlimani lakini unapoteza kasi ya tambarare. Yake ilipomrudia, alishangaa zaidi alipojaza upepo wa kutosha kwenye tairi, kwa kipimo na si kwa kidole gumba, akakaza mnyororo na kuupaka oili, na pikipiki nyekundu ikapanda kilima vizuri kuliko ilivyowahi kupanda na taa zake za rangi.

Akarekodi upya. Alianza kwa kukiri kwamba Kufungua Pumzi lilikuwa somo la uongo, akataka kila aliyetoa chujio alirudishe, alisafishe mara kwa mara. Kisha akafundisha mnyororo: uchezeshe katikati kwa kidole, uwe na nafasi ya vidole viwili kulala, usikazwe kama kamba ya kuanikia nguo.

Mtu mmoja akaandika, "Sasa hiyo inaongeza spidi ngapi?"

"Haiongezi. Inakuzuia usianguke."

Watu hamsini wakaondoka kundini usiku ule. Wiki iliyofuata wakaondoka mia. Walihamia kwa kinyozi mmoja aliyekuwa anafundisha kuchanganya petroli na mafuta ya taa ili moto uwe mkali. Injinia alijaribu kuwaonya, akaambiwa ana wivu.

Somo lake la pili kuhusu mnyororo lilitazamwa na watu wanne. Mmoja alikuwa mkewe, chumba cha pili. Mwingine mkunga, aliyetuma picha ya gurudumu lake na kuuliza kama vidole viwili ni vya mwanamume au vya mwanamke. Wa tatu hakujulikana. Wa nne alikuwa Kimya, ambaye hakuwahi kuandika neno kundini tangu aingie.

"Umesahau kuzungusha gurudumu," Kimya aliandika. "Mnyororo haulegei sawasawa. Pima panapobana zaidi."

Injinia akasoma mara mbili. Akafuta somo lake, akachukua simu na kigoda, akarudi uani kabla jua halijazama, akaanza kulizungusha gurudumu polepole, akipima kila robo ya mzunguko.