Malori Arobaini na Sita ya Alhamisi

Isaac Wanzala hakuwa mvivu. Hata mke wake Annet, aliyekuwa na mengi ya kumlalamikia, hakuwahi kumwita mvivu. Shida yake ilikuwa kukaa. Tangu atoke Samia, huko Busia, na kupanga chumba Gatwekera, mtaani Kibera, Nairobi, alikuwa amepaka rangi nyumba za watu, amechomelea milango, ameuza viatu vya mitumba soko la Toi na kulinda duka la mbao Kawangware. Kila kazi aliifanya vizuri kwa wiki mbili tatu, kisha miguu ikaanza kumwasha. Kazi ya ulinzi aliipoteza siku alipoondoka mlangoni mchana peupe, akatembea hadi Riruta na kurudi, bila shughuli yoyote. Aliporudi alimkuta mwenye duka amesimama pale mlangoni, rungu mkononi.

Januari 1998, mvua ya El Niño ikiwa bado inanyesha, alisikia kwamba kuna injinia anatafuta makarani. Ofisi yake ilikuwa vyumba viwili juu ya maduka ya Mbuthia, mwenye ploti maarufu Kawangware. Injinia mwenyewe aliitwa Gichuru, mtu mfupi mwenye miwani minene na kikohozi kisichokwisha.

"Kazi ni kuhesabu malori," Gichuru aliwaambia vijana na wanawake ishirini waliojipanga kwenye ngazi. "Kenya na Uganda wanataka kutengeneza hii barabara ya kwenda Malaba, kule mpakani, kwa pamoja. Pesa hawana, wataenda kukopa. Lakini kabla ya kukopa, kila mmoja anataka kujua nani anaitumia zaidi, ndio wajue nani atabeba nini. Nyinyi mtahesabu hapa. Malaba kuna Waganda wanahesabu upande wao."

Wanzala alipewa fulana ya manjano, ubao na rundo la fomu. Alipangiwa zamu moja na Risper, msichana wa Kawangware aliyemaliza shule mwaka uliopita. Kituo chao kilikuwa kando ya Waiyaki Way, ukishapita Kangemi. Askari wa trafiki alisimamisha lori, Wanzala akapanda kwenye ngazi ya mlango na kuuliza maswali manne: unatoka wapi, unaenda wapi, umebeba nini, tani ngapi.

Wiki ya kwanza aliipenda. Madereva walimjibu kwa haraka, injini zikinguruma. Kampala. Kigali. Bukavu. Chumvi, mabati, mafuta ya kupikia, mbolea. Jioni alitembea kurudi Kibera, akamweleza Annet majina ya miji hiyo huku Annet akichagua maharagwe ya kupika kesho yake. Annet aliuza githeri kwenye kijiji cha Raila, humohumo Kibera, na aliamka alfajiri.

"Hii kazi utaimaliza?" Annet aliuliza.

"Nitaimaliza."

Lakini wiki ya pili majina yaleyale yalianza kumsumbua. Watu wote walikuwa wakienda mahali. Yeye peke yake ndiye alibaki pale kwenye matope na ubao kifuani. Alianza kusimama kwa mguu mmoja, kisha mwingine. Alihesabu nguzo za stima. Alimwachia Risper fomu akazunguka soko la Kangemi, akarudi, akaenda tena.

Alhamisi ya wiki hiyo, saa sita mchana, mvua ilishuka kama imemwagwa. Askari aliingia kwenye gari lake na kuondoka. Risper alikuwa na homa tangu asubuhi, na Wanzala akamwambia aende nyumbani, yeye atamalizia. Kwa muda wa saa nzima hakuona lori. Hakushangaa, alidhani ni mvua tu. Alichoweza kufikiria ni jinsi ya kutoka pale. Mwishowe alifunga fomu kwenye karatasi ya nailoni akatembea hadi Kawangware, akaingia kwenye kibanda cha chai na kuanza kuzijaza kutoka kichwani. Kampala, chumvi, tani ishirini. Kigali, mbolea, tani kumi na nane. Hata hakulazimika kufikiria. Mvua ilipokatika, malori arobaini na sita yalikuwa yamepita karatasini, na yeye alikuwa amemaliza vikombe viwili.

Risper alizikuta Ijumaa. Alizipitia moja moja.

"Wanzala, hizi umezitoa wapi?"

"Malori si hupita kila siku? Hata kama sikuyaona, yalipita."

Risper alichukua kalamu. Kwa kuwa kila fomu ya kituo ilihitaji sahihi mbili, naye aliogopa kuonekana hakuwepo, alitia sahihi.

Wiki tatu baadaye Gichuru aliwaita wote wawili ofisini. Alikuwa ametoka mkutanoni Arusha na hakuwaambia waketi.

"Alhamisi ile ya mvua kubwa, nani alikuwa kituoni?"

Gichuru hakungoja jibu.

"Kule mbele kalvati, lile daraja dogo, ilibebwa na maji asubuhi. Kuanzia saa sita malori yote yalizuiliwa huku Nairobi, hakuna hata moja lililoruhusiwa kupita. Mimi nilikuwa safarini, sikujua. Waganda walijua, kwa sababu Malaba kwao ilikaa tupu. Sasa wamefungua kitabu chetu wakaona malori arobaini na sita, karibu yote ya kuelekea kwao. Unajua wamesema nini? Wamesema Kenya inawaongezea malori ili wao ndio wabebe deni kubwa la barabara. Mbele ya watu wa benki. Mkutano ukafungwa hapo."

Alikohoa, akafuta miwani. "Mwandiko na sahihi ya kwanza sivitambui vizuri, lakini sahihi ya mwisho, ile ya kuthibitisha, ni ya Risper. Risper, rudisha fulana."

Risper alianza kulia bila sauti. Wanzala alijikuta ngazini, kisha barabarani, anatembea haraka kama mtu anayefukuzwa. Alipita Riruta, akazunguka, akashuka hadi Kibera, akafuata reli, akageuka tena. Alimkuta Annet pale kijiji cha Raila akiwa bado na sufuria, akakaa kwenye benchi la wateja, akainuka, akakaa.

"Baba Immaculate, umefanya nini?" Annet aliuliza.

Alimweleza yote. Annet aliendelea kumpakulia mteja mmoja, akapokea sahani ya mwingine. Kisha akafuta mikono.

"Kwa hiyo huyo msichana amefutwa kwa ajili yako."

"Ndiyo."

"Na wewe umekuja kukaa hapa kwangu."

Wanzala aliinuka. Kulikuwa bado mchana, na alijua kwamba akingoja kesho hatakwenda. Alirudi Kawangware karibu akikimbia, akapanda ngazi za Mbuthia, akamkuta Gichuru akifunga mlango.

"Injinia, ni mimi. Risper alikuwa mgonjwa, mimi ndiye nilimwambia aende. Nilipika zile fomu nikinywa chai."

Gichuru aliacha ufunguo kwenye kufuli. "Kwa nini?"

"Sikuweza kukaa."

"Hukuweza kukaa," Gichuru alirudia. "Nchi mbili zimekosana kwa sababu wewe hukuweza kukaa. Ningekufukuza sasa hivi. Lakini nikikufukuza, Waganda watasema nimetafuta mtu wa kusingizia. Utakuja na mimi Malaba. Utawaambia mwenyewe."

Risper alirudishiwa fulana yake jioni hiyohiyo. Yeye mwenyewe hakumshukuru Wanzala, wala Wanzala hakutarajia.

Malaba, ng'ambo ya mto, karani mkuu wa upande wa Uganda alikuwa mtu wa Tororo aliyeitwa Owora. Wanzala aliongea akiwa amesimama, macho yakiruka kutoka dirishani hadi mlangoni. Alipomaliza, Owora hakucheka wala hakupiga kelele.

"Wakubwa wangu walinihoji siku mbili," alisema. "Walisema nililala kazini, malori arobaini na sita yakanipita. Mke wangu alikuwa ameanza kufunga vitu. Wewe hata hunijui."

"Nisamehe, ndugu yangu."

"Tuketi kwanza."

Ndipo Owora na Gichuru walipokubaliana kuhesabu upya kwa wiki moja, safari hii hapohapo Malaba kwenye meza moja, Mkenya na Mganda bega kwa bega, kila lori fomu moja na sahihi mbili. Gichuru alisema Wanzala ndiye atakaa upande wa Kenya. Owora akasema yeye mwenyewe atakaa upande wa Uganda, ili amwone.

Ilikuwa wiki ngumu kuliko zote. Jua lilichoma. Foleni ya malori ilirudi nyuma hadi isionekane mwisho, na hakuna lililosonga kwa saa nzima. Wanzala alitikisa goti mpaka meza ikatetema na kalamu ya Owora ikakwaruza karatasi. Mara tatu aliinuka. Mara tatu Owora alisema, bila kuinua kichwa, "Isaac," naye akaketi. Siku ya saba ilipoisha, vidole vyao vilikuwa vimekufa ganzi, na hakuna fomu hata moja ambayo mmoja wao alikataa kuitilia sahihi.

Takwimu hizo ndizo zilizopelekwa kwenye mazungumzo ya nchi hizo mbili. Wanzala alilipwa, akashukuriwa kwa maneno machache, na kazi iliyofuata akapewa Risper.

Mwezi wa tisa alikuwa juu ya ngazi Kawangware, akipaka rangi nyumba mpya za Mbuthia, aliposikia kikohozi akatambua ni nani.

"Walikubaliana," Gichuru alisema kutoka chini. "Kila nchi itakopa kwa ajili ya kipande chake, lakini wataenda kuomba pamoja, kwa karatasi moja. Sasa wanabishana lori libebe tani ngapi lisiharibu lami."

"Na barabara itaanza lini?"

"Hiyo hakuna anayejua. Pengine miaka mitano. Pengine kumi."

Wanzala alicheka mpaka ngazi ikayumba. Gichuru aliinua mkono kuaga, akaenda zake akiruka madimbwi. Wanzala alichovya brashi, akapaka upande mmoja wa dirisha, kisha akasimama akitazama mahali njia ilipopinda kuelekea Riruta. Ukuta wa nyuma ulikuwa bado. Aliumaliza kesho yake, akachukua haki yake kwa Mbuthia, na wiki iliyofuata Annet alimwambia jirani kwamba sasa mume wake anafanya kazi Dagoretti, kitu cha mabomba, hajui itakuwa kwa muda gani.